Karatasi Zilizotolewa Sandukuni

Kagoma, 9 Machi 1960

Bwana Dhirubhai,

Leo siandiki oda. Miaka mitatu nimekuandikia oda za pamba, spiriti na vidonge vya hospitali yetu, nawe umenijibu kwa utani wako, nami nikacheka. Leo nataka jibu lisilo na utani.

Jumapili baada ya misa, Klaudia, mama anayefua na kuosha vyombo vya wodi, aliangusha kichupa kimoja cha ile dawa mpya, mastini, tunayomdunga mtoto Kokuhirwa kwa ajili ya uvimbe wa taya. Kichupa kikavunjika. Unga mweupe ulimwagika mezani, haba tu, usiojaa hata kijiko cha chai. Klaudia si mtu wa kuacha uchafu. Aliufuta kwa kiganja, akakipangusa kiganja kwa pindo la kanga, na kwa kuwa kulikuwa na joto akajifuta jasho usoni kwa pindo lile lile. Hakusikia kitu. Alikwenda nyumbani, akapika ndizi, akala na wanawe, akalala. Jumatatu aliletwa akishikwa mkono na binti yake. Kiganja kilikuwa kimejaa malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto, na jicho la kulia limefumba kabisa. Daktari amemwosha jicho, amempaka dawa, amesema tungoje.

Nimeyachukua masanduku ya dawa hiyo kutoka stoo, yote manne uliyotuletea tangu Januari. Kila moja limepigwa mhuri mwekundu wa Kiingereza kwamba isomwe karatasi iliyomo ndani kabla ya kufungua. Kiingereza changu kinatosha kuelewa hilo. Nimetoa kila kitu mpaka nyasi za kufungia vichupa. Hamna karatasi hata moja. Nilimwuliza Daktari, akasema hana habari nayo.

Dawa inatoka Kampala kwa meli, inashuka kwako Bukoba, na kutoka kwako inapanda basi kuja kwangu. Karatasi ziko wapi?

Nesi Joviana Rwegasira


Bukoba, 12 Machi 1960

Nesi Joviana,

Pole sana, na umpe pole Klaudia. Nimempa kondakta wa basi kilo mbili za sukari ampelekee, na mke wangu Gangaben ameongeza majani ya chai.

Kuhusu karatasi, mimi ni mtu wa duka. Sanduku linashuka bandarini, linalala kwangu siku moja, linapanda basi. Huko kiwandani Ulaya husahau mambo. Mwaka juzi waliniletea katoni ya mizani za watoto bila mawe yake. Usinikasirikie mimi kwa usahaulifu wa Mzungu aliye mbali.

Lakini tuambiane ukweli, maana tunajuana. Daktari alipita dukani juzi, akasema ulipewa glavu za mpira ukazivua. Na zile glavu nilizileta mimi, pea mbili, tena nzuri. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi zivae, Nesi, na mwambie Klaudia azivae, mambo yaishe.

Wako,
Dhirubhai, Duka la Dawa na Vifaa vya Picha


Kagoma, 16 Machi 1960

Bwana Dhirubhai,

Sukari imefika. Klaudia ameshukuru. Mimi sishukuru.

Umenitolea methali, nami nakuuliza: huyo mkuu alisema nini hata nisisikie? Daktari aliziweka glavu mezani akasema vaeni. Basi, neno moja. Tangu nianze kazi hii nimefundishwa na Masista kwamba glavu ni za kumkinga mgonjwa na uchafu wa mikono yetu. Tunazivaa mtu anapopasuliwa na mama anapojifungua. Tukimaliza, tunazichemsha na kuzitia poda. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba iko dawa ambayo glavu yake inamkinga nesi.

Nikazivaa hata hivyo, kwa kuwa nilitii. Siku ya pili, babu yake Kokuhirwa, mzee Mushumbusi, alikuja kumtazama mjukuu. Alitoa kikapu chake kidogo cha kahawa akaninyooshea. Wewe umekaa Bukoba siku nyingi, unajua kwetu kahawa ya kutafuna si kitu cha mchezo. Mkubwa akikupa, unapiga goti na kupokea kwa mikono miwili mitupu. Nilikuwa katikati ya kuchanganya dawa. Nilipiga goti, nikapokea na mpira mikononi. Mzee alinitazama vile vidole vyeupe, akarudisha kikapu kifuani, akaniuliza, "Binti yangu, mimi nina ukoma?"

Akamchukua mjukuu wake akaondoka naye. Kwa siku sita mtoto hakupata dawa, na uvimbe ulioanza kunywea ukarudi mpaka jicho likaanza kusukumwa nje. Wodi nzima ilisikia. Watu wakaanza kusema nesi wa Kagoma anawaona wenzake wananuka. Nilikwenda kwa mzee kwa miguu, nikapiga goti mlangoni, nikapokea kahawa yake kwa mikono mitupu, nikatafuna mbele yake. Mtoto akarudi. Na mimi sikuzivaa tena. Klaudia aliniuliza kama azivae, nikamwambia hapana haja, hatupasui mtu. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, na yananichoma kila ninapomwona.

Kama ningejua kwamba unga ule unaunguza, ningemwambia mzee, tata, yaani baba, ngoja niweke sumu hii chini kwanza. Angeelewa. Nani asiyeelewa sumu?

Sasa sikiliza jingine. Daktari aliona mikono yangu mitupu kwa wiki tano, hakusema neno. Na kila nilipofungua kichupa yeye alisimama mlangoni, miwani usoni na kitambaa puani. Mimi mjinga nilidhani ana mafua.

Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimeyatazama tena masanduku. Utepe wa kiwanda umekatwa kwa wembe, na juu yake kumebandikwa utepe wa kaki wenye mhuri wa duka lako. Yote manne. Kiwanda cha Ulaya kinatumia mhuri wa Dhirubhai?

Daktari ameandika ripoti kwamba nilipewa kinga nikaikataa, na kwamba nilimshawishi Klaudia aikatae. Nimeitwa Bukoba mbele ya bwana mkubwa wa afya, tarehe 20 Aprili, saa tatu asubuhi. Wakimwamini Daktari, cheti changu kinachukuliwa, nami nitarudi kwa baba kupalilia migomba nikiwa nesi aliyempofusha mwenzake.

Joviana Rwegasira


Kagoma, 25 Machi 1960

Bwana Dhirubhai,

Siku tisa. Basi limekwenda na kurudi mara nne.

Malengelenge ya Klaudia yamepasuka na ngozi mpya inaota. Jicho limefunguka, lakini limekuwa jeupe. Leo asubuhi nilimfunika lile jicho zima nikasimama mbele yake dirishani nikamwuliza anaona nini. Akasema naona mchana.

Jibu.

J. Rwegasira


Bukoba, 2 Aprili 1960

Nesi Joviana,

Nimeandika barua hii mara tatu na mara tatu nimeichana.

Nilizitoa mimi. Desemba, kabla sanduku la kwanza halijafika, Daktari aliniandikia kwamba kila sanduku la dawa hii nilifungue kwanza, nitoe karatasi iliyomo, nilifunge tena. Mimi nina hospitali tatu zinazonunua kwangu na yenu ndiyo kubwa. Mteja akisema toa, natoa. Nilizitia kwenye droo ya kaunta na sikuzisoma. Hilo naapa. Sikuwa na haja ya kuzisoma, kama nisivyosoma karatasi za bidhaa nyingine.

Barua yako ya tarehe 16 niliisoma nikasema nesi ana hasira, zitapoa. Ile fupi ya tarehe 25 ndiyo iliyonifanya nifungue droo. Nikasoma karatasi nikiwa nimesimama, nikatafuta kiti. Masanduku yale hayakufunguliwa na mimi. Yalifunguliwa na binti yangu Nalini, kwa wembe, mikono mitupu. Alitoa vichupa kimoja kimoja, akavipangusa vumbi, akavirudisha. Nilikwenda nikamtazama vidole kama mtu anayekagua mchele. Ni mzima, kwa bahati tu.

Nakuletea karatasi zote nne. Najua Kiingereza chake ni kigumu, kwa hiyo nakuandikia maana yake. Unga huu usiguswe na ngozi wala usivutwe puani. Anayechanganya avae glavu za mpira na miwani, na afanyie kazi mahali pasipo na upepo. Ukishatiwa maji udungwe ndani ya dakika chache, usiwekwe. Uingie kwenye mshipa barabara, maana ukivuja nje ya mshipa nyama huoza. Mwanamke mwenye mimba asiukaribie. Ukigusa ngozi au jicho, paoshwe kwa maji mengi papo hapo, usingoje maumivu, kwa sababu maumivu huja baada ya masaa mengi na hapo umeshachelewa.

Na kichupa, bomba la sindano, glavu, meza, kila kilichoguswa kilowekwe dakika arobaini na tano katika maji ya magadi ya kuokea na chumvi iitwayo haipo. Haipo, Nesi. Ile chumvi ya wapiga picha. Ninayo madebe mawili kwenye shelfu tangu mwaka wa kwanza niliofungua duka.

Sasa nakuomba kitu. Onyesha karatasi hizi, lakini barua ya Daktari usiitaje. Ikijulikana kwamba naanika barua za wateja, nani atanunua kwangu? Na mwaka huu kila anayekuja dukani ananiuliza kama sisi Wahindi tutabaki au tutaondoka serikali ikibadilika. Si wakati wa mtu kama mimi kusimama mbele ya bwana mkubwa kumshitaki daktari.

Dhirubhai


Kagoma, 6 Aprili 1960

Bwana Dhirubhai,

Kumbe ulitafuta kiti ulipomfikiria Nalini. Klaudia alipopata malengelenge ulituma sukari. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nimezisoma karatasi na nimelia kwa hasira, sioni haya kukwambia. Maji mengi papo hapo. Siku ile mapipa mawili ya mvua yalikuwa yamejaa chini ya paa, hatua kumi kutoka pale Klaudia alipojifuta uso. Jicho la mama wa watoto watano lilihitaji maji ya mvua tu, na mtu wa kumwambia. Na hiyo haipo umeitazama kila siku ukiwauzia wapiga picha wa arusi.

Unasema nionyeshe karatasi nisiitaje barua. Wewe ni mtu wa biashara, fikiri basi. Karatasi inasema vaa glavu. Mimi sikuvaa. Nikisimama na karatasi peke yake ninakuwa nimejifunga kamba mwenyewe, na Daktari atasema umeona, iliandikwa. Atasema zilikuwamo sandukuni nami nikazificha. Karatasi bila barua inanimaliza. Barua ndiyo inayosema kwa nini sikujua.

Usiniambie umeichoma. Mwenye duka hatupi karatasi. Iko kwenye ule msumari wako wa oda, nyuma ya kaunta, nami najua hivyo kwa sababu oda zangu zote ziko hapo.

Nataka barua ile, na nakutaka wewe mwenyewe, tarehe 20, saa tatu. Ofisi iko hatua mia mbili kutoka dukani kwako. Huna hata haja ya basi.

Joviana Rwegasira


Bukoba, 14 Aprili 1960

Nesi Joviana,

Barua iko msumarini, kama ulivyosema.

Gangaben anasema nisiende. Anasema tumekaa hapa miaka thelathini kwa kutojiingiza. Nalini hasemi na mimi tangu Jumapili. Anahudumia wateja, ananiwekea chakula, anaondoka. Daktari alipita jana, akaniuliza habari za biashara kwa upole sana, kuliko kawaida yake.

Siahidi kitu. Nakuandikia ili usidhani nimekaa kimya kama mara ile.

Dhirubhai


Kagoma, 4 Mei 1960

Bwana Dhirubhai,

Sikupata nafasi ya kuzungumza nawe siku ile, na Jumapili ulipokuja huku kulikuwa na watu. Kwa hiyo naandika.

Saa tatu ilipopigwa hukuwapo. Saa tatu na nusu Daktari alikuwa amemaliza kusema. Alisema vizuri, kwa sauti ya huzuni, kwamba anawapenda wasaidizi wake lakini kuna mambo ambayo hayawaingii. Bwana mkubwa aliniuliza kama ni kweli nilipewa glavu. Nikasema ni kweli. Kama nilizivua. Nikasema nilizivua. Nikaona anaandika, na moyoni nikakutukana kwa Kihaya matusi ambayo sijawahi kumtukana mtu.

Ndipo ulipoingia na koti lako la arusi, jasho linakutoka kama uliyekuja kwa miguu kutoka Muleba. Hukusalimu. Uliiweka barua mezani, ina tundu la msumari katikati, ukasema, "Nilizitoa mimi. Niliambiwa nizitoe, nikazitoa, na sababu imeandikwa hapo." Bwana mkubwa aliisoma kwa sauti, na sitasahau mpaka naingia kaburini: kwamba wasaidizi wake siku hizi wanasoma, na wakiisoma karatasi hii hatapata mtu wa kushika dawa. Daktari alitazama dirishani.

Nakupa haki yako. Ulikuja, na ulisema mbele yake. Najua kwamba wiki ile ile hospitali moja iliacha kununua kwako.

Cheti changu ninacho. Nimepewa onyo kwa kuvua glavu, na onyo hilo nimelipokea. Daktari amepewa likizo ndefu, ameondoka na meli ya Ijumaa, na watu walimpelekea zawadi ya mayai bandarini. Klaudia ameletewa barua ya pole kwa Kiingereza. Nilimsomea. Akaniuliza kama wanasema jicho litarudi. Nikamwambia hawakusema.

Kokuhirwa anaendelea kupata dawa kwa mikono yangu, kwa sababu dawa hii inaponya. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote. Taya lake limebaki na donge dogo kama buni mbichi, na jana alikula ndizi mbili. Mzee Mushumbusi nimemweleza kila kitu, nikamwonyesha mkono wa Klaudia. Tangu siku hiyo anaweka kahawa yangu dirishani na kungoja mpaka nimeloweka glavu na kunawa, ndipo ananipa. Mzee asiyejua kusoma alihitaji kuelezwa mara moja tu.

Sasa nije kwenye Jumapili. Ulikuja nyumbani kwa Klaudia na mzigo wa unga na blanketi, ukaketi juu ya nyasi alizokutandikia, upande wa kulia kwake. Aliamka alfajiri kuandaa. Ile kahawa aliichemsha mwenyewe, akaianika mwenyewe, akaifunga kwenye jani la mgomba kwa mkono ule wenye makovu. Alipokunyooshea aliniambia kwa Kihaya kwamba huyu ndiye Mhindi wa kwanza kuketi chini kwake. Miaka mitatu nimekuona dukani ukikataa kahawa ya Wahaya kwa kusema tumbo. Jumapili hukukataa. Uliipokea kwa mikono miwili, ukainamisha kichwa, ukapeleka mkono kinywani, ukatafuna.

Ulitafuna hewa. Kahawa uliiangusha mfuko wa koti, mfuko wa kushoto, uliokuwa upande wa jicho la Klaudia lisiloona tena.

Mimi niliona. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa anafurahi, na furaha zake siku hizi ni chache. Lakini nilimkumbuka mzee Mushumbusi akivitazama vidole vyangu vyeupe, na nikajua sasa alichokiona. Mimi nilikuwa na sababu ambayo sikuijua. Wewe ulikuwa nayo ipi?

Jumatano ijayo nahitaji pea nne za glavu za mpira, mbili za mkono mdogo wa Klaudia, maana anarudi kazini. Miwani miwili. Magadi ya kuokea kilo tano, na debe zima la haipo. Mastini sanduku moja, kwa utepe wa kiwanda, na karatasi iwemo ndani. Nikikuta wembe umepita nitalirudisha mwenyewe na nitalifungulia kwenye kaunta yako mbele ya wateja.

Na kahawa ile bado imo mfukoni, maana koti la arusi halivaliwi kila siku. Itoe, itafune mbele ya Nalini, kisha uniandikie. Nitamsomea Klaudia.

Joviana Rwegasira